Matarishi Wengi, Sanduku Moja

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: jinsi kompyuta inavyogawa barua nyingi zikifika pamoja

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya matano: seva, tarishi, skripti, kufuli, stakabadhi. Weka mezani daftari moja na kalamu mbili. Zitahitajika katikati ya somo.

Somo la leo ni kwa wanafunzi wa Chimala na vijiji vya Usangu, na kwa wengine wote wanaotusikia katika Mbeya na Iringa.

Leo tutazungumza juu ya barua. Si barua za karatasi peke yake, bali barua pepe, yaani zile zinazoandikwa na kusomwa katika kompyuta au simu. Tutajifunza jambo ambalo watu wengi hawalioni kwa macho. Barua nyingi zinapofika kwa wakati mmoja, ni nani anayezigawa? Na kwa nini barua moja huweza kupotea, wala hakuna mtu aliyeiiba?

Pengine mzee mmoja atasema, "Mwanangu, mimi ni mkulima wa mpunga. Mambo hayo yanihusu nini?" Yakuhusu sana, baba. Tuseme chama chenu cha ushirika kina kompyuta moja. Wanachama hutuma habari za magunia yao kwa barua pepe, na kompyuta huziandika yenyewe katika daftari la chama. Siku ya malipo wewe wadai magunia 10, na daftari halina kitu. Utasema karani ni mwizi. Karani naye ataapa kwamba hakuiona barua yako. Wote wawili mwasema kweli, lakini nani atawaamini? Chama huanza kuvunjika kwa kosa ambalo hakuna mtu aliyelifanya kwa kusudi. Kosa hilo lina dawa. Dawa yake yaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kungoja zamu ya maji mferejini.

Posta iliyo ndani ya kompyuta

Huku kwetu si kila nyumba ina sanduku la posta. Aghalabu shule au kanisa huwa na sanduku moja, na barua za watu wengi hufika humo. Mtu mmoja huenda kuzichukua, akarudi, akazigawa: hii ya mwalimu, hii ya mama fulani, hii ya fundi. Sanduku ni moja, wenye barua ni wengi.

Barua pepe nayo ina posta yake. Posta hiyo ni kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikingoja barua. Kompyuta ya namna hiyo huitwa seva. Barua pepe ya kwanza kupita mtandaoni kutoka kompyuta moja mpaka nyingine ilitumwa mwaka 1971 na Mmarekani Ray Tomlinson. Yeye ndiye aliyechagua alama @ ikae katikati ya jina la mtu na jina la kompyuta yake. Basi alama hiyo hufanya kazi kama zile herufi S.L.P. juu ya bahasha: yaonyesha mahali pa kumpata mtu.

Barua inapofika, seva humwita tarishi mmoja aishughulikie. Tarishi huyu si mtu. Ni programu inayoamka, ikafanya kazi yake kwa kitambo kidogo, kisha ikaondoka. Tarishi hana akili ya kubuni. Hufuata maagizo aliyoandikiwa, mstari kwa mstari. Maagizo hayo huitwa skripti. Skripti ya chama chetu cha mfano yaweza kuwa hivi: Pokea barua. Tazama imetoka kwa nani. Soma idadi ya magunia. Fungua daftari la chama. Ongeza idadi hiyo. Toa jibu.

Barua moja ikifika, tarishi mmoja huamka. Barua kumi zikifika pamoja, matarishi kumi huamka pamoja. Kila mmoja ana skripti ile ile, na wote huliendea daftari lile lile. Hapo ndipo shida huanza.

Zamani shida hii haikuonekana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika kadhaa ya Afrika Mashariki yalituma barua pepe kwa simu za kawaida, kupitia mtandao ulioitwa FidoNet. Mjini Nairobi, shirika la Environment Liaison Centre International lilikuwa na kituo cha namna hiyo. Barua zilikusanywa pamoja, kisha simu ikapigwa, furushi moja likaenda na jingine likaja. Mahali penye laini moja ya simu, aliyekuta laini inatumika alingoja. Laini yenyewe ilikuwa mlinda zamu. Kisha mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Njia ikapanuka. Siku hizi barua nyingi huweza kubisha hodi katika nukta moja, na yule mlinda zamu wa zamani hayupo tena. Hatuna budi kuweka mlinda zamu mwingine ndani ya skripti.

Daftari moja, kalamu mbili

Sasa mwalimu, waite wanafunzi wawili mbele. Andika katika daftari: Magunia 120. Mwanafunzi mmoja awe karani wa kwanza, na mwingine awe karani wa pili. Karani wa kwanza amepokea magunia 10. Karani wa pili amepokea magunia 15. Kila mmoja asome daftari, kisha arudi mahali pake akafanye hesabu kichwani. Asiseme neno.

(Kimya kidogo.)

Haya. Wote wawili wamesoma 120. Karani wa kwanza amejumlisha 10, akapata 130. Aje afute 120, aandike 130. Karani wa pili amejumlisha 15 juu ya ile 120 aliyoisoma mwanzoni, akapata 135. Naye aje afute, aandike 135.

Darasa, someni daftari. Lasema 135. Lakini ghalani mna magunia 145. Yale magunia 10 ya karani wa kwanza yamo ghalani, ila daftarini hayamo. Nani amekosa? Karani wa kwanza alijumlisha sawasawa. Wa pili naye vilevile. Hakuna aliyesema uongo. Kosa limeingia katika ile nafasi iliyo kati ya kusoma na kuandika. Katika nafasi hiyo mtu mwingine alipita.

Lishikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu. Kusoma ni hatua moja, na kuandika ni hatua nyingine. Kati ya hatua mbili kuna mlango, na mwingine aweza kuingia.

Kosa hili lina ndugu yake. Seva nyingi za zamani ziliweka barua zote za mtu mmoja katika faili moja refu, barua mpya ikiunganishwa mwisho wa ile iliyotangulia. Ni kama kuandika barua zote katika daftari moja bila kuchana karatasi. Matarishi wawili wakiandika mwishoni mwa faili hilo kwa wakati mmoja, maneno ya barua moja huweza kuingia katikati ya barua nyingine. Ukiifungua, wakuta habari za msiba zimechanganyika na bei ya mbolea.

Tena kosa hili ni la hila. Kijana akiandika skripti na kuijaribu kwa barua moja, itakwenda vizuri. Akiijaribu kesho, itakwenda vizuri. Miezi yapita bila neno. Kisha mavuno yaja, wanachama wote waandika siku moja, na barua zaanza kupotea. Kijana akiijaribu tena kwa barua moja, aiona nzima, naye hufikiri watu wanamsingizia.

Dawa ya kwanza: kufuli

Ninyi wakazi wa Mbarali mwaijua reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu mwaka 1970 mpaka 1975. Urefu wake ni kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika Zambia. Njia yake ni moja, na treni huenda na kurudi juu ya njia hiyo hiyo. Kwa nini hazigongani? Kwa sababu kati ya stesheni na stesheni treni moja hupewa njia, nyingine ikangoja pale penye njia ya kupishania. Dereva hajiamulii mwenyewe kuondoka. Hungoja ruhusa.

Wataalamu wa kompyuta walijifunza kutoka kwa reli. Katika miaka ya 1960 Mholanzi Edsger Dijkstra alitunga njia ya kuzuia programu mbili zisiingie mahali pamoja kwa wakati mmoja. Njia yake aliipa jina la ile mikono ya ishara iliyo kando ya reli, inayomwambia dereva simama au pita. Sisi leo tutaiita kufuli, maana neno hilo ni jepesi.

Kazi ya kufuli ni hii. Tarishi, kabla ya kufungua daftari, hutwaa kufuli. Akishalipata, husoma, hujumlisha, huandika, kisha huliachia. Tarishi mwingine akija wakati huo, hukuta kufuli limetwaliwa, naye hungoja. Wa pili akipata zamu yake, atasoma 130 badala ya 120. Atajumlisha 15, na daftari litasema 145. Hesabu imepatana na ghala.

Lakini kufuli lina masharti matatu.

Sharti la kwanza: kutazama na kutwaa kuwe hatua moja. Tuseme ufunguo wa ghala umetundikwa msumarini. Watu wawili wachungulia dirishani, wote wauona ufunguo upo, wote wazunguka kwenda mlangoni. Kila mmoja aamini kwamba ni wake. Kosa lile lile limerudi! Skripti nyingi huharibika hapa. Mwandishi huandika: "Tazama kama faili la kufuli lipo, kama halipo, liunde." Hizo ni hatua mbili, na mlango umebaki wazi. Yafaa skripti iiagize kompyuta hivi: "Unda faili hili, na kama lipo tayari, kataa." Kompyuta ina uwezo wa kufanya hayo kwa hatua moja isiyogawanyika. Matarishi mia wakijaribu, mmoja tu atafanikiwa, na 99 watakataliwa.

Sharti la pili: kufuli lishikwe kwa muda mfupi. Asiyekuwa na kazi na daftari asikae na ufunguo mfukoni. Tarishi akiwa na kufuli asianze kupiga simu mjini kuuliza bei. Afanye kwanza mambo ya nje, kisha atwae kufuli, aandike, aliachie.

Sharti la tatu: ijulikane itakuwaje mwenye kufuli akifa. Umeme hukatika. Tarishi hufa mikononi mwake mkiwa na kufuli. Kama kufuli lilikuwa faili aliloliunda, faili hilo laweza kubaki, na matarishi wote wanaofuata watamngoja marehemu. Kwa hiyo, panapowezekana, ni bora kutumia kufuli linaloshikwa na mfumo wa kompyuta wenyewe. Mfumo ukiona tarishi amekufa, humnyang'anya kufuli na kuliweka huru. Kufuli hilo liwekwe katika diski ya kompyuta hiyo hiyo. Diski inayotumiwa na kompyuta nyingi kupitia mtandao yataka uangalifu zaidi, maana makufuli mengine hayaaminiki humo.

Liko neno moja la kuongeza. Mwaijua barabara ya kupanda Matamba, ile yenye kona 57. Malori mawili yakikutana mahali pembamba, na kila dereva akataka mwenzake arudi nyuma, yatalala pale pale. Matarishi nao huweza kukwama hivyo. Mmoja ameshika kufuli la daftari na anangoja la ghala. Mwingine ameshika la ghala na anangoja la daftari. Watangojana milele. Dawa ni kuweka amri moja kwa wote: kila atakayehitaji makufuli mawili, aanze na la daftari, kisha la ghala. Hapo hawatakwama.

Dawa ya pili: kila barua na bahasha yake

Dawa ya kwanza ni kungojana. Dawa ya pili ni kutogusana kabisa. Kama watu wawili wagombania daftari moja, kwa nini usimpe kila mmoja karatasi yake?

Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa hisabati Daniel J. Bernstein, aliyeandika programu ya posta iitwayo qmail, alitunga mpango wa kuweka barua uitwao Maildir. Katika mpango huu kila barua ina faili lake. Barua zako hukaa katika chumba chenye visanduku vitatu, na majina yake ni tmp, new na cur. Tuviite kisanduku cha kuandikia, kisanduku cha barua mpya, na kisanduku cha barua zilizoonwa.

Tarishi akipata barua, huiandika kwanza katika kisanduku cha kuandikia. Huipa jina lisilofanana na jingine lolote. Jina hilo huundwa kwa saa ya wakati huo, namba ya tarishi mwenyewe, na jina la kompyuta yake. Matarishi wawili wanaofanya kazi pamoja katika kompyuta moja hawawi na namba moja, basi majina hayagongani. Akimaliza kuandika neno la mwisho, na kuhakikisha kwamba maneno yote yamekaa katika diski, ndipo huihamisha barua kwenda kisanduku cha barua mpya.

Kuhamisha huku ndiyo siri ya mpango wote. Kompyuta haichukui maneno moja moja. Hubadilisha mahali pa jina tu, na ndani ya diski moja jambo hilo hufanyika kwa hatua moja isiyogawanyika. Msomaji akifungua kisanduku cha barua mpya, ama ataikuta barua nzima, ama hataikuta kabisa. Nusu barua hataiona kamwe. Umeme ukikatika tarishi akiwa anaandika, nusu barua itabaki katika kisanduku cha kuandikia, mahali ambapo hakuna anayesoma. Wala hapakuhitajiwa kufuli.

Stakabadhi ya kweli

Sasa twafika penye jambo zito kuliko yote. Barua ikiwa imeandikwa nusu na umeme ukakatika, je, imepotea? Jibu lategemea kama seva ilikwisha kutoa stakabadhi.

Seva inayotuma barua haitupi nakala yake mara moja. Hungoja mpokeaji aseme, "Nimepokea." Neno hilo ndilo stakabadhi. Likisemwa, mtumaji hufuta nakala yake, na mzigo wote waangukia mpokeaji. Kwa hiyo sheria ya tarishi ni moja: asiseme nimepokea kabla barua haijakaa salama katika diski. Mwenye ghala atoaye stakabadhi kabla ya kupima mpunga ameahidi kitu asichokiona.

Na kama tarishi ameshindwa? Diski imejaa, au kufuli amelingoja mpaka amechoka? Aseme kweli. Skripti humaliza kazi yake kwa kutaja namba. Namba 0 maana yake nimefaulu. Namba 75 maana yake nimeshindwa kwa sasa, nijaribu tena baadaye. Mathalani programu ya posta iitwayo Postfix, iliyotolewa mwaka 1998 na Wietse Venema, ikisikia 75 huiweka barua katika foleni na kuijaribu tena na tena. Isipobadilishiwa maagizo, huendelea hivyo kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Basi kushindwa si hasara. Hasara ni kutaja 0 na kazi haijafanywa, maana hapo barua hufutwa na hakuna atakayeuliza. Kutaja namba nyingine ovyo nako kwaweza kuirudisha barua kwa mwenyewe kana kwamba anwani haipo.

Uko upande wa pili wa jambo hili. Tuseme tarishi ameiweka barua salama, lakini jibu lake "Nimepokea" limepotea njiani, au limechelewa. Mtumaji hajui. Ataituma barua tena, na magunia 10 yataandikwa mara mbili. Mwaka 1988 Craig Partridge aliandika juu ya ugonjwa huu, akaonya kwamba huja pale mpokeaji anapokawia kujibu baada ya barua kwisha. Dawa ni mbili. Kwanza, weka barua, toa stakabadhi upesi, na kazi ndefu ifanywe baadaye. Pili, kila barua pepe kwa kawaida huja na namba yake ya pekee. Andika namba hiyo katika orodha. Ikija barua yenye namba iliyokwisha kuandikwa, usiihesabu tena.

Wapokeaji wengi, karani mmoja

Sasa tuziunganishe dawa zote kwa ajili ya chama chetu cha mfano. Pale barua zinapoingia, tuweke matarishi wengi. Kazi yao ni moja: kuweka barua katika kisanduku, nzima, na kutoa stakabadhi. Wasiguse daftari. Nyuma yao tuweke karani mmoja tu, programu nyingine, ambaye huchukua barua moja moja kutoka kisandukuni, hutazama namba yake, huandika magunia na namba ya barua katika daftari kwa pamoja, kisha huihamisha barua penye zilizokwisha. Karani huyo atwae kufuli anapoanza kazi, ili wasiamke makarani wawili kwa bahati mbaya. Umeme ukikatika katikati, akiamka tena ataikuta barua ingali kisandukuni. Atatazama namba. Kama imeandikwa, ataiacha. Kama haijaandikwa, ataiandika.

Idadi ya matarishi nayo iwe na mpaka. Wakulima wote wakifungua maji siku moja, mashamba ya mwisho wa mfereji hayapati kitu. Kompyuta ndogo ikiamsha matarishi 500 kwa pamoja, itaishiwa na nguvu, na wote watakwama. Ndiyo maana Postfix, isipobadilishwa, huruhusu matarishi 2 tu kwa pamoja kwa mpokeaji mmoja wa hapo hapo kwenye seva, na 20 kwa mahali pamoja pa kupeleka kwa njia nyinginezo. Mwandishi wa skripti asiyejiamini aweza kuweka mpaka huo kuwa 1 kwa skripti yake, na barua zitapita moja baada ya moja. Zitachelewa kidogo, lakini hazitagongana.

Mwisho, skripti ijaribiwe kama siku ya mavuno. Tuma barua 100 kwa pamoja, kila moja ikiwa na gunia 1. Kisha soma daftari. Likisema 100, vema. Rudia mara kadhaa. Katikati ya kazi zima kompyuta kwa kusudi, iwashe, uhesabu tena. Likisema 99 au 101, kazi haijaisha, hata kama kijana asema kwamba ni barua moja tu. Barua hiyo moja ina mwenyewe, na mwenyewe ana watoto wanaongoja ada.

Ndugu wanafunzi, ninyi hamtaandika skripti leo. Lakini ninyi ni wenye chama. Mkutanoni mnayo haki ya kuuliza: "Barua mbili zikifika pamoja, ni nini kinachofanyika? Umeme ukikatika, je? Stakabadhi hutolewa kabla au baada ya kuweka?" Anayetengeneza kompyuta ya chama akiweza kuwajibu kwa maneno mnayoyaelewa, mwaweza kumkabidhi daftari lenu.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Rudieni zoezi la daftari, lakini safari hii kila karani ashike kalamu nyekundu kabla ya kusoma. Kalamu nyekundu ni moja tu. Daftari lasema ngapi mwishoni?
2. Kwa nini kuchungulia ufunguo dirishani hakutoshi?
3. Tarishi amekuta diski imejaa. Ataje namba gani, na kwa nini?
4. Barua moja imefika mara mbili. Karani atajuaje?
5. Tajeni kazi tatu za kijijini ambazo watu hungojana zamu. Itakuwaje zamu isipofuatwa?

Maneno ya leo

Seva: kompyuta inayokaa macho kuhudumia kompyuta nyingine.
Tarishi: programu inayoamka kuishughulikia barua moja.
Skripti: maagizo ambayo tarishi huyafuata.
Kufuli: ruhusa ambayo mmoja tu aweza kuishika kwa wakati mmoja.
Stakabadhi: neno "Nimepokea", ambalo halisemwi kabla ya kuweka.

Hapo ndipo tunapokomea leo. Mwalimu, liongoze darasa katika maswali. Nawatakia kazi njema na mavuno mema. Kwaherini.